Dawa ya ukutani "inayoua vijidudu kwa mwanga": ipo kweli au napigwa?

#1 Mama Chekechea
Wakuu, habari za jioni. Nina kituo cha kulelea watoto huku Tabata, vyumba viwili na kibaraza, watoto 31. Tangu masika chumba wanacholala kimeota ukungu ukuta wa nyuma, ule mweusi wa madoadoa, na mafua hayaishi. Akipona huyu anaanza yule.

Juzi kaja kijana na tai yake na mkoba. Kanionesha kigae cheupe na chupa ya kupulizia. Anasema ni teknolojia ya Kijapani, inapulizwa ukutani mara moja, haionekani kwa macho, na "ukiwasha taa tu" mwanga unaiamsha inaanza kuua bakteria, virusi, ukungu na harufu. Miaka mitano bila kurudia. Jina alilolitaja ni fotokatalisti. Bei elfu 14 kwa mita ya mraba. Chumba ni mita 4 kwa 5, kimo mita 3, kuta na dari nimepiga hesabu inapita milioni kidogo.

Kitu hiki kipo kisayansi au ni chai? Naomba anayejua, siyo anayehisi.

#2 Ngosha wa Buza
Chai ya rangi, tena haina sukari. Milioni nunua Jik na feni, chenji kula wali kuku.

#3 Sisi wa HKL
Natia nanga hapa. Wa PCB, mliosoma fizikia, kemia na baiolojia, mjitokeze, leo ndiyo siku yenu.

#4 Msomi Yokohama
Ngosha, si chai. Nipo Japani kwa masomo na kitu hiki nakiona kila siku.

Dada, ile dawa ni titani dioksidi, unga mweupe uleule uliomo kwenye dawa ya meno na rangi za ukuta. Ukipigwa na mwanga wenye nguvu ya kutosha, elektroni inaruka kutoka mahali pake na kuacha tundu. Lile tundu lina njaa: linanyang'anya elektroni kwenye unyevu uliogusana na unga, na hapo zinazaliwa radikali za haidroksili. Ukali wake wa kuunguza unazidi klorini na ozoni. Bakteria akiwa amekaa juu yake utando wake unatobolewa, vya ndani vinavuja, baadaye hata mzoga unaunguzwa. Titani yenyewe haipungui, ndiyo maana ikaitwa kichocheo.

Huku wanayo kwenye vigae vya vyumba vya upasuaji na kwenye kuta za nje za majengo zinazojisafisha mvua ikinyesha. Aliyeigundua ni Profesa Fujishima mwaka 1985, akapata Nobel.

#5 Kipimajoto
Mkuu #4, sayansi umeieleza vizuri, historia umeipindua. Fujishima na mwalimu wake Honda walichapisha 1972, na wao hawakuwa na habari na bakteria. Walikuwa wanatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni kwa mwanga. 1985 ni Matsunaga na wenzake, ndio walioonesha kwamba titani iliyotiwa platinamu inaua vijidudu kwenye maji. Na Nobel Fujishima hajapewa, kila mwaka watu wanamtabiria tu.

#6 Msomi Yokohama
Nimesahihishwa, asante. Nobel nilimpa mimi.

#7 Mzee wa Saketi
Sasa tuje kwenye neno moja la yule kijana: "ukiwasha taa tu". Taa gani?

Titani ya aina ya anatesi haiamki mpaka ipigwe na mwanga wenye urefu wa mawimbi chini ya nanomita 388 hivi. Huo ni urujuanimno, ile mnayoita UV, jicho halioni. Balbu nyeupe ya LED ya siku hizi imetengenezwa kwa kidude cha bluu cha kama nanomita 450, kimepakwa unga wa manjano ili macho yaone nyeupe. Chini ya 400 haitoi kitu cha maana. Ukiwasha LED juu ya ukuta wenye anatesi ni kama kugonga mlango kwa unyoya. Hata ugonge mwaka mzima, mwenyewe hasikii.

Jua lenyewe sehemu yake ya UV ni kama asilimia 4 au 5 tu. Dada, chumba chako kinapata jua?

#8 Mama Chekechea
Dirisha moja upande wa mashariki, dogo, la kioo. Watoto wakilala navuta pazia. Ukuta wenye ukungu ni wa ndani kabisa, mchana naona kwa kuwasha taa. Na taa ni hizo hizo za LED za buku mbili.

#9 Ngosha wa Buza
Nimesema chai mkanibishia.

#10 Dogo Janja Kimara
Halafu kioo cha dirisha si kinazuia UV yote? Ndiyo maana huungui ukiwa ndani ya gari.

#11 Mzee wa Saketi
Siyo yote. Kioo cha kawaida kinazuia UV kali, ile inayobabua ngozi. UV-A, ambayo ndiyo titani inaitaka, nyingi inapita. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili na plastiki katikati, hicho kinazuia zaidi. Kwa hiyo kando ya dirisha dawa inaweza kufanya kazi. Ila ondoka hatua tatu kutoka dirishani uone UV inavyokwisha. Jicho linakudanganya chumba kina mwanga.

#12 Msomi Yokohama
Mzee, hayo ni ya anatesi tupu. Zipo zilizochanganywa ziweze kuamka kwa mwanga wa kawaida. Mwaka 2001 watafiti wa hapa walitia naitrojeni kwenye titani ikaanza kukamata mwanga wa bluu. Zipo za oksidi ya tangsteni na zenye shaba. Huenda ya kijana ni hiyo.

#13 Kipimajoto
Ya shaba ndiyo inanipa shida. Shaba inaua bakteria hata gizani, na fedha vilevile. Ukitia shaba kwenye titani, ukapulizia ukuta, bakteria wakafa, umejuaje ni mwanga uliowaua? Inabidi upime na gizani. Wauzaji wengi kipimo cha gizani hawakioneshi.

#14 Msomi Yokohama
Wanaopima kwa uaminifu wanakionesha. Na zikifanya kazi pamoja tatizo liko wapi? Mgonjwa akipona kwa dawa mbili humwambii augue tena ujue ipi.

#15 Kipimajoto
Tatizo ni milioni. Kama ni shaba peke yake, dada atapaka shaba kwenye kitasa cha mlango, basi.

#16 Fundi Rangi Mbagala
Salamu. Miaka 22 nashika rola. Kwenye ndoo ya rangi nyeupe weupe wote ule ni titani, sote tunajua, ndiyo maana ikipanda bei na rangi inapanda. Sasa kama titani inaua ukungu, mbona kuta nyeupe ndizo zinaota ukungu kuliko zote? Hizi nyumba za Mbagala zingekuwa hospitali.

Nataka majibu ya kueleweka, msinipeleke kwenye elektroni.

#17 Sisi wa HKL
Fundi kauliza swali la mtihani wa taifa.

#18 Mzee wa Saketi
Fundi, titani ya rangi imefungwa mdomo. Kiwandani kila punje wanaivisha koti jembamba la silika na alumina, na wanatumia zaidi aina ya rutaili ambayo ni pole. Wanafanya hivyo kwa makusudi, maana titani iliyo huru inakula gundi ya rangi yenyewe. Wewe umewahi kuona ukuta wa nje wa zamani, ukipitisha kiganja kinatoka cheupe kama umeshika chaki?

#19 Fundi Rangi Mbagala
Sana. Upande wa jua la mchana. Sisi tunasema rangi imekufa, inatoa unga. Unapiga brashi ya waya, unaosha, unapaka praima, ndiyo unarudia. Ukipaka juu ya ule unga rangi inabanduka kama ganda la yai.

#20 Mzee wa Saketi
Sehemu kubwa ya ule unga ni kazi ya titani na jua. Gundi imeliwa, chembe zimebaki hazina wa kuzishika. Miaka uliyokuwa unapiga msasa ulikuwa unaona fotokatalisti kwa macho yako.

#21 Fundi Rangi Mbagala
Kumbe! Nilikuwa natukana kiwanda bure.

Lakini sasa ndiyo nauliza. Kijana akipuliza dawa isiyo na koti juu ya rangi ya maji ya huyu dada, si itakula rangi ya chini?

#22 Msomi Yokohama
Ndiyo maana zile nzuri zinakuja na tabaka la kwanza la silika, halafu ndiyo titani juu. Dada, muulize kijana anapuliza mara ngapi. Akisema mara moja tu moja kwa moja juu ya rangi, hapo mimi mwenyewe naingiwa na shaka.

#23 Mwana Kwale
Hamjambo nyote. Mnaongea titani na hamjataja kwetu? Mchanga wa Kwale, Kenya, umechimbwa na Base Titanium, ukapakiwa meli pale Likoni kuanzia 2014 hadi machimbo yalipofungwa Desemba 2024. Ilmenaiti, rutaili, zirkoni. Tumeusindikiza kwa macho ukienda ng'ambo, sasa unarudi kwa chupa elfu 14 kwa mita. Si tungejipakia mchanga ukutani?

#24 Kipimajoto
😂 Kaka, ukipaka ule mchanga utapata ukuta mweusi. Ilmenaiti ni titani iliyoshikana na chuma, mpaka ipikwe kwa asidi au klorini ndiyo itoke nyeupe. Na ya kazi hii inasagwa punje ndogo mno ili eneo la kugusana liwe kubwa.

#25 Mwana Kwale
Basi na kiwanda cha kupika wangejenga Kwale. Ndiyo uchungu wangu.

#26 Sista wa Zamu
Mimi ni muuguzi, miaka sita wodi ya kifua kikuu. Naomba mrudi kwenye watoto. Mafua hayakai ukutani yakisubiri kupakwa dawa. Mtoto anapiga chafya, mwenzake kalala kwenye mkeka pembeni, hewa ni hiyohiyo moja. Dawa ya ukutani inamgusa kijidudu kilichotua ukutani tu. Kilichomo hewani baina ya pua na pua hakina habari nayo.

Kuna utafiti wa Lima, Peru, wa mwaka 2007, walipima vyumba 70 kwenye hospitali 8. Madirisha na milango ikiwa wazi hewa ya chumba ilibadilika kama mara 28 kwa saa. Wodi za kisasa zenye mashine zimewekewa kiwango cha mara 12. Na waliokuwa vizuri kuliko wote ni majengo ya zamani ya kabla ya 1950, dari juu, madirisha makubwa: mara 40. Mambo ya dirisha. Mama Chekechea, wewe una moja dogo na pazia unavuta.

#27 Mama Chekechea
Sista umenishika pabaya. Navuta kwa sababu mbu na kwa sababu wakiona mwanga hawalali.

#28 Dogo Janja Kimara
Lakini sista, si kuna hospitali zinaweka taa za UV kuua TB? Kwa hiyo mwanga unafanya kazi hewani.

#29 Sista wa Zamu
Hiyo ni nyingine kabisa, wengi wanazichanganya. Ile ni UV-C, nanomita 254, haihitaji titani, yenyewe inavuruga vinasaba vya kijidudu. Inawekwa juu karibu na dari, imekingwa ili mwanga usishuke machoni kwa watu, na feni inapandisha hewa huko juu. Afrika Kusini, kule Witbank, walipitisha hewa ya wodi ya wagonjwa wa TB sugu kwenye vizimba vya simbilisi. Taa zikiwa zimewaka, maambukizi kwa wale wanyama yalipungua kama asilimia 80.

#30 Mjukuu wa Moro
Wale panya wa SUA, chuo cha Sokoine! Najivunia Morogoro yangu.

#31 Sista wa Zamu
Hapana mjukuu. Wa SUA ni panya buku, wamefundishwa kunusa makohozi na kuonesha yenye TB. Wa Witbank ni simbilisi, hawanusi kitu, kazi yao ilikuwa kuambukizwa.

#32 Mjukuu wa Moro
Masikini. Ajira nyingine bora kukosa.

#33 Bin Vuga
Assalam aleikum. Miye fundi viyoyozi, mwaka wa 9 huku Maskati, asili Unguja. Nataka kuwapa kisa, maana hichi kidude nimekishika kwa mikono yangu.

Jengo moja la ofisi walifunga ndani ya njia ya hewa kichujio cha titani, kina matundu kama sega la nyuki, na taa za UV zimekielekea. Hapo titani inapata mwanga wake saa 24, si maneno ya balbu ya ukutani. Miezi ya mwanzo harufu ilikwisha, wallahi, hata ya mazulia. Mwezi wa nane ikarudi, tena na ziada, harufu kama ya tufaha lililooza inayowasha macho. Nikaenda kufungua. Vumbi la jangwa limelala kwenye sega kama unga wa ngano. Nikaosha, nikarudisha, taa zote zinawaka. Hakuna kitu. Titani imekufa.

Mhandisi mmoja Mhindi akanambia sababu ni silikoni. Chini ya lile jengo mlikuwa na saluni, na mafundi walikuwa wakiziba madirisha kwa ile gundi ya silikoni. Mvuke wake ukifika kwenye titani unaunguzwa kweli, lakini majivu yake ni silika, yaani kioo. Kidogo kidogo titani inajivisha kioo mpaka haigusani tena na hewa. Na ile harufu ya kuwasha: manukato na pombe za usafi zilikuwa zikiunguzwa nusunusu, zinatoka formaldehidi na jamaa zake badala ya kumalizika.

#34 Ngosha wa Buza
Kwa hiyo Maskati na bukhuri zao ile mashine ilikuwa inapigwa mitama.

#35 Bin Vuga
😄 Udi hatuachi kwa ajili ya sega.

Ila nisiseme ovu tupu. Taa ya UV-C bila titani, ukiifunga ielekee koili na sinia la maji la kiyoyozi kikubwa, ute ule wa kijani hauoti tena. Ute umekaa pale pale, mwanga umekaa pale pale, usiku na mchana. Hapo hata miye naapa.

#36 Kipimajoto
Bin Vuga, nusu nakubali. Silikoni inaua titani, hilo linajulikana. Lakini ulipoosha, uliosha kwa nini? Ukiosha sega kwa sabuni kali na brashi unaweza kuwa umeibandua titani yenyewe.

#37 Bin Vuga
Maji ya presha.

#38 Kipimajoto
Basi tuna washukiwa wawili.

#39 Bin Vuga
Kabla ya kuosha ilikuwa imeshakufa. Presha ilikuta maiti.

#40 Binti Sauti ya Upole
Wakuu, dawa hii inaua na kunguni? Na inapatikana wapi kwa Mwanza?

#41 Sisi wa HKL
Binti, soma uzi. Hawa kunguni wa kwetu hata mwanga wa mahakama hawauogopi.

#42 Shemeji wa Dodoma
Mimi naomba kupinga wanaosema haifanyi kazi ndani. Shemeji yangu ana zahanati ndogo, chumba cha kufungia vidonda kilikuwa kinanuka usaha hata kikidekiwa. Wakapulizia dawa kama hii mwaka jana, harufu ikaisha siku hiyohiyo na mpaka leo haijarudi. Taa ni za kawaida. Mnaelezaje?

#43 Fundi Rangi Mbagala
Kabla ya kupuliza walifanya nini?

#44 Shemeji wa Dodoma
Waliosha kuta kwa sabuni na Jik, wakapaka rangi ya mafuta upya, wakangoja wiki, ndiyo wakapuliza.

#45 Fundi Rangi Mbagala
Basi kazi niliifanya mimi. Plasta ilikuwa imekunywa usaha miaka, rangi ya mafuta imeifunga ndani. Kijana wa chupa kaja kuchukua sifa.

#46 Sista wa Zamu
Au waliacha dirisha wazi rangi ikauke, wakazoea kuliacha wazi.

#47 Msomi Yokohama
Au dawa ilifanya kazi. Mbona hiyo tu ndiyo haitajwi? Chumba cha kufungia vidonda kwa kawaida kina dirisha kubwa. Shemeji, jua linaingia?

#48 Shemeji wa Dodoma
Linaingia asubuhi mpaka saa tano. Ila harufu iliisha siku hiyohiyo waliyopuliza, siyo wiki ya rangi. Hilo nashikilia.

#49 Mzee wa Saketi
Zile chupa nyingi kimiminika chake kina pombe. Siku hiyohiyo ni pombe.

#50 Shemeji wa Dodoma
Pombe ikae mwaka mzima?

#51 Ngosha wa Buza
Inategemea na mnywaji.

#52 Mwana Kwale
Mimi nitawaambia la wazee. Nyumba za mawe za mji wa kale, Mombasa, Lamu, Unguja, ukuta ulipakwa chokaa kila mwaka. Chokaa mbichi ni kali, ukungu hauoti, na ukuta unapumua. Hii rangi ya plastiki mnayopaka ndiyo imefunga maji ndani. Ndoo ya chokaa ni bei gani na milioni ni bei gani?

#53 Kipimajoto
Chokaa ni kweli inaua kwa ukali wake, ila inakula hewa ya kaboni dayoksaidi inarudi kuwa jiwe, ukali unaisha. Ndiyo maana ya "kila mwaka". Na ukiipaka juu ya rangi ya plastiki haishiki. Tena isiwe karibu na macho ya watoto ikiwa mbichi.

#54 Fundi Rangi Mbagala
Chokaa inachafua nguo. Wazazi wa Tabata watamhama.

Mama Chekechea, nyuma ya ukuta wenye ukungu kuna nini?

#55 Mama Chekechea
Nyuma kuna karo la kufulia na simtenki la lita 2,000 limekaa juu ya matofali. Sehemu ya chini koki inadondosha kidogo.

#56 Fundi Rangi Mbagala
Na ukungu umeanzia chini au juu?

#57 Mama Chekechea
Nimeenda na tochi ya simu sasa hivi. Chini kuna mstari, kama kimo cha goti, rangi imevimba na ukiigusa inatoka chumvi nyeupe. Weusi umeanza juu ya huo mstari. Lakini hata pembe ya juu darini kuna madoa, kule karo halifiki.

#58 Fundi Rangi Mbagala
Chini ni maji yanapanda. Msingi haukuwekewa nailoni. Hakuna mwanga duniani utakaokausha hilo.

#59 Sista wa Zamu
Na pembe ya juu ni pumzi. Watoto 31 wamelala mchana, dirisha moja, pazia. Mvuke unapanda unatua kwenye kona ya baridi.

#60 Bin Vuga
Au bati linavuja. Mpande mtu darini kwanza.

#61 Msomi Yokohama
Nakubali ukungu wenye maji nyuma yake hautibiki kwa kupuliza. Tena nikiri: kuvu ndiye mgumu kuliko wote kwa titani. Bakteria wa kawaida anakufa ndani ya saa kadhaa, mbegu za kuvu zina ganda nene na rangi nyeusi inayozikinga. Na zikishaota, zinaifunika titani, mwanga haufiki. Ila kwa vitasa, meza, vigae vya chooni, bado naitetea.

#62 Dogo Janja Kimara
Hakuna aliyetaja kansa? Ulaya wamepiga marufuku titani.

#63 Kipimajoto
Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye vyakula mwaka 2022, ile iliyokuwa inaitwa E171. Kwenye rangi na dawa za kupaka ipo. Shirika la utafiti wa saratani limeiweka kundi la "huenda", na hoja ni kuvuta unga wake puani. Kwa hiyo ikishashika ukutani si hofu kubwa. Siku ya kupuliza ndiyo watoto wasiwepo, na kijana avae barakoa. Alivaa siku ya maonesho?

#64 Mama Chekechea
Alivaa tai.

#65 Mwana Kwale
Na Wamasai wa Kajiado? Chupa ya plastiki, maji, juani saa sita. Watoto waliokunywa walipungua kuharisha, utafiti wa 1996. Bila titani, bila tai.

#66 Mzee wa Saketi
Hayo ni maji, na jua lote la Kajiado limo ndani ya chupa. Chumba cha Tabata hakiingii kwenye chupa. Jua peke yake kuua bakteria Waingereza wawili, Downes na Blunt, walishaliandika 1877.

Dada, kuna kipimo rahisi. Tafuta bluu ya methilini, ile ya kupaka seli za shavu kwenye maabara ya sekondari. Titani ikiamka, bluu inapauka. Tone moja kwenye kigae chake, kimoja dirishani, kimoja chini ya taa yako. Na kigae kisicho na dawa dirishani, usisahau, maana jua lenyewe linapausha.

#67 Mama Chekechea
Nina mpwa wangu anafundisha baiolojia. Narudi.

#68 Mama Chekechea
Nimerudi, leo siku ya nne. Kigae alichoniachia nimekivunja vipande viwili kwa nyundo, cha tatu ni kigae kilichobaki choo kilipojengwa. Kila kimoja tone la bluu la ukubwa wa shilingi mia, nikaacha likauke.

Kipande chenye dawa dirishani: kesho yake saa tisa katikati pameshakuwa kweupe, imebaki pete ya bluu pembeni tu. Leo hata pete imefifia.
Kigae cha choo dirishani: bluu imepauka lakini ipo, unaiona kutoka mlangoni.
Kipande chenye dawa chini ya taa ya LED, imewaka saa 10 kila siku: kama nimedondosha sasa hivi. Mtoto mmoja kakigusa, kidole cha bluu mpaka leo.

#69 Msomi Yokohama
Mmeona la dirishani? Chai haipaushi bluu.

#70 Ngosha wa Buza
Mmeona la chini ya taa? Alisema ukiwasha taa tu.

#71 Kipimajoto
Na bluu siyo bakteria. Bluu haina ganda, haizaliani, haijajificha kwenye vumbi. Dada, kijana alikuachia karatasi ya vipimo? Kuna namba ya ISO?

#72 Mama Chekechea
Ipo. ISO 27447.

#73 Kipimajoto
Hicho ni kipimo cha bakteria chini ya UV. Cha mwanga wa ndani ni namba nyingine, 17094. Karatasi yake ni ya kweli, ila imejibu swali ambalo wewe hukuuliza.

#74 Msomi Yokohama
Hapo sina la kusema juu ya kijana. Juu ya titani ninalo.

#75 Shemeji wa Dodoma
Na mimi juu ya zahanati ninalo.

#76 Mama Chekechea
Nimempigia kijana nikamwambia habari ya vipande vitatu. Kanyamaza kidogo, halafu kasema basi ataniletea na taa yake maalumu ya zambarau, bure, nikilipia chumba kizima.

#77 Sista wa Zamu
Usikubali kabla hujajua nanomita ngapi. Ikiwa 254 na imening'inizwa wazi juu ya watoto, jioni ileile watalia macho kama yana mchanga.

#78 Mzee wa Saketi
Ikiwa 365 ndiyo ya titani. Hata hiyo sipendi iwake usoni kwa watoto waliolala.

#79 Bin Vuga
Rangi ya zambarau isikutulize. Zote mbili kwa jicho zinaonekana zina zambarau-bluu. Soma kibandiko kwenye kitako cha taa.

#80 Mama Chekechea
Nimemuuliza. Kasema "ni ya zambarau tu mama, namba sijui." Nimemwambia aje nayo Jumamosi watoto hawapo. Fundi wa koki na nailoni ya msingi naye anakuja Jumamosi.

#81 Fundi Rangi Mbagala
Ijumaa usiku lipunguze maji hilo simtenki. Likijaa wanaume wanne hawalisogezi, na huyo fundi hawezi kuchimba huku linamdondoshea mgongoni.

#82 Binti Sauti ya Upole
Kwa hiyo kunguni ni hapana?